Mlango wa 900 kwa 2100: kubadili milimita, sentimita, mita na kilomita bila kupoteza sifuri

Fungua ramani ya nyumba iliyochorwa na mtu anayeijua kazi yake. Mlango umeandikwa 900 × 2100, dirisha 1500 × 1200, chumba cha kulala 3600 × 4000. Hutaona mm wala m pembeni. Nenda dukani kuulizia marumaru, muuzaji atakuuliza unataka za 60 kwa 60 au za 40 kwa 40. Nondo utatajiwa ya mili 12 au ya mili 16. Kiwanja chenyewe ni 20 kwa 30, na bati utauziwa kwa futi. Nyumba ni moja, lakini namba zake zimetoka katika vizio vinne, na karibu hakuna anayekitaja kizio chake kwa sababu wenzake wa fani wanakijua. Kwenye ramani na nondo ni milimita, kwenye marumaru ni sentimita, kwenye kiwanja ni mita.

Hasara huingia pale namba ya fani moja inapokutana na namba ya fani nyingine kwenye kikokotoo cha simu. Mtu anazidisha 3600 kwa 4 kwa sababu upande mmoja ameusoma kwenye ramani na mwingine ameupima kwa tepu. Anapata 14,400. Zingekuwa mita za mraba, hilo ni eneo la viwanja viwili vya mpira, na yeye anataka kuweka marumaru chumba cha kulala. Kuzidisha alizidisha sawasawa. Alichoruka ni hatua moja kabla ya kuzidisha.

Urefu haubadiliki, namba ndiyo inayobadilika

Mlango wenye urefu wa milimita 2,100 ni ule ule wa sentimita 210, na ni ule ule wa mita 2.1. Mbao hazikuongezeka wala hazikupungua. Kizio kikiwa kidogo, unahitaji vingi ili kuujaza urefu huo, kwa hiyo namba inakua. Kizio kikiwa kikubwa, vichache vinatosha, namba inapungua. Kanuni yenyewe ndiyo hiyo tu, na mtu aliyeishika hahitaji kukariri "ukienda kulia zidisha, ukienda kushoto gawanya". Aliyekariri bila kuelewa, siku akisahau kulia ni wapi, amekwama.

Shuleni tulichorewa ngazi yenye vipago saba: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Ukishuka kipago kimoja unazidisha kwa 10, ukipanda unagawanya kwa 10. Ngazi hiyo haina kosa, na kwa mtoto anayeanza ni msaada mzuri. Kwa mtu mzima mwenye kazi mkononi ina mtego wake: hektomita na dekamita hazitumiki popote mtaani. Hakuna bodaboda atakayekwambia safari ni hektomita nane. Ukiwa na haraka unavisahau vipago hivyo, na kila kipago ulichosahau ni sifuri moja imepotea.

Mimi napendelea njia fupi zaidi, kila kitu kipitie kwenye mita. Hapo unahitaji kujua mambo matatu tu: kilomita moja ni mita 1,000, mita moja ni sentimita 100, na mita moja ni milimita 1,000. Kilomita 0.75 ni sentimita ngapi? Kwanza mita: 0.75 mara 1,000 ni 750. Kisha sentimita: 750 mara 100 ni 75,000. Milimita 480 ni kilomita ngapi, kama kuna mtu mwenye sababu ya kuuliza? Gawanya kwa 1,000 upate mita 0.48, gawanya tena kwa 1,000 upate kilomita 0.00048. Hatua mbili fupi ni salama kuliko kuruka mara moja kwa sifuri sita huku unazihesabu kwa kidole.

Utaona kwamba 1,000 iko pande zote mbili za mita, kwenda kilomita na kwenda milimita. Sentimita ndiyo iliyojitenga na 100 yake. Wachoraji wa majengo wengi huikwepa, na nadhani wako sahihi. Ramani ikiwa yote kwa milimita, namba zote ni kamili, hakuna nukta ya kufutika kwenye karatasi iliyokunjwa mara nane na kumwagikiwa uji wa saruji. Ukiona 2100 na unajua ni milimita, unakata tarakimu tatu za mwisho kwa jicho na kusoma 2.100. Umeshafika kwenye mita bila kikokotoo.

Na tahadhari ndogo kabla ya kuendelea: mili ni sehemu moja ya elfu. Haihusiani na milioni, ingawa masikio hupenda kuziunganisha.

Mita sita na tano

Kosa linalokula pesa kuliko yote haliko kwenye kuzidisha. Liko kwenye kuandika kilichotamkwa.

Fundi yuko juu ya ngazi, anausoma ukuta kwenye tepu, anaita: "Mita sita na tano!" Kijana aliye chini na kalamu anaandika 6.5. Tepu ilikuwa kwenye mita 6 na sentimita 5, yaani 6.05. Kati ya 6.5 na 6.05 kuna sentimita 45, nusu nzima ya upana wa mlango. Mbao zitakatwa, zitapandishwa, ndipo ugomvi uanze wa nani alisema nini.

Sentimita kwenye mita zinakaa kama senti kwenye shilingi. Shilingi 6 na senti 5 ni 6.05, na hakuna karani atakayeiandika 6.50. Sentimita zinadai nafasi mbili baada ya nukta, hata kama ni tano tu, kwa hiyo sifuri ya mbele yake ni lazima. Milimita zinadai nafasi tatu: mita 6 na milimita 5 ni 6.005. Mita 3 na milimita 80 ni 3.080, ambayo ni sawa na mita 3 na sentimita 8.

Dawa yake kazini ni kuita kwa kizio kimoja. "Mia sita na tano, sentimita." Au kwa milimita, "elfu sita na hamsini". Haina pa kuteleza. Ndivyo ilivyo pia unapojumlisha. Umepewa mita 2.4, sentimita 85 na milimita 600, uzijumlishe upate urefu wa kabati lote. Ukijaribu kuzijumlisha zilivyo utapata takataka. Zigeuze zote kuwa milimita kwanza: 2,400, 850 na 600. Jumla 3,850. Sasa rudi kwenye mita ukitaka, ni 3.85. Kizio kichaguliwe mwanzo wa hesabu, na kibadilishwe tena mwisho tu.

Ukishapata jibu, lipitishe kwenye kitu unachokijua. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa 297, kwa hiyo ukisahau rula nyumbani unaweza kujikwamua kwa karatasi ya fotokopi. Kadi ya benki ina urefu wa milimita 85.6 na unene wa milimita 0.76, kitu kinachokaribia milimita moja unachoweza kukishika. Kwa umbali, mzunguko mmoja wa njia ya kukimbilia uwanjani ni mita 400. Mkimbiaji wa Tanzania, Filbert Bayi, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alikimbia kilomita moja na nusu, mizunguko mitatu na robo tatu. Jibu lako likisema mlango una mita 21 au shule iko mita 3 kutoka nyumbani, huhitaji mwalimu wa hisabati kukwambia kuna nukta imehama.

Mita ilitoka wapi, na kwa nini inatusaidia kwenye ramani ya dunia

Pwani walipima kwa shibiri, mkono na pima. Shibiri mbili hufanya mkono, mikono minne hufanya pima. Vipimo hivyo vilitosha kwa kamba na kitambaa, ila vilitegemea mkono ni wa nani, na kila hatua ilikuwa na kigawanyo chake. Ulaya nayo ilikuwa na fujo yake ya miguu na dole gumba. Mwaka 1791 Wafaransa waliamua kuchukua kipimo kutoka kwenye dunia yenyewe: mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, kwa mstari unaopita Paris. Wanaastronomia wawili, Delambre na Méchain, walitumwa kupima kipande cha mstari huo kutoka Dunkirk hadi Barcelona, kazi iliyoanza mwaka 1792 na kuchukua miaka mingi katikati ya mapinduzi na vita. Mita waliyoipata ilikuwa fupi kwa takriban milimita 0.2 kuliko ilivyokusudiwa. Ikabaki hivyo hivyo. Mwaka 1875 nchi 17 zilitia saini Mkataba wa Mita, na tangu mwaka 1983 mita inafafanuliwa kwa mwendo wa mwanga: ni umbali ambao mwanga husafiri mahali pasipo hewa kwa muda wa sehemu 1 ya 299,792,458 ya sekunde.

Historia hiyo imetuachia zawadi. Kutoka ikweta hadi ncha ni mita milioni kumi, yaani kilomita 10,000 kwa karibu sana. Umbali huo una nyuzi 90 za latitudo, kwa hiyo nyuzi moja ni kama kilomita 111. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini. Zidisha: iko takriban kilomita 755 kusini ya ikweta, mstari ule ule ambao watalii hupigia picha Nanyuki. Hukufungua ramani wala simu.

Mraba unapoingia, sifuri zinajizidisha

Hapa ndipo watu wazima wenye vyeti hukosea. Mita moja ni sentimita 100, basi mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 100? Sivyo. Mita ya mraba ina pande mbili, na kila upande una sentimita 100. 100 mara 100 ni 10,000. Kwa milimita ni 1,000 mara 1,000, yaani milioni moja.

Ukitaka kukwepa mkanganyiko wote huo, usibadilishe mita za mraba kamwe. Badilisha urefu kwanza, kisha uzidishe. Chumba chetu cha 3600 × 4000 ni mita 3.6 kwa 4, eneo mita za mraba 14.4. Marumaru ya 60 kwa 60 ni mita 0.6 kwa 0.6, eneo 0.36. Gawanya 14.4 kwa 0.36, unapata marumaru 40 kamili, na unajiona umemaliza.

Fundi atakwambia 40 hazitoshi, na ana haki. Upande wa mita 3.6 unapokea marumaru sita bila kukata. Upande wa mita 4 unapokea sita, zinaishia kwenye mita 3.6, na sentimita 40 zinabaki tupu mpaka ukutani. Katika kila mstari wa mistari sita utahitaji kipande cha sentimita 40, na marumaru moja ya sentimita 60 inatoa kipande kimoja tu cha hivyo, sentimita 20 zinabaki makombo. Kwa hiyo ni saba kwa kila mstari, jumla 42, na bado hujahesabu zitakazopasuka. Eneo linakupa kiwango cha chini. Kujua idadi ya kweli lazima urudi kwenye urefu na uone kipande kinaangukia wapi.

Shambani hasara ni kubwa zaidi. Tanzania ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70, na watu hununua ardhi kwa kipimo hicho wakiwa na mashahidi na soda. Ekari halisi ni takriban mita za mraba 4,047. Ili hatua 70 kwa 70 zitoe eneo hilo, kila hatua lazima iwe kama sentimita 91, yaani hatua ya kunyoosha mguu kwa makusudi. Mtu akitembea kwa hatua ya kawaida ya sentimita 75, hatua 70 ni mita 52.5, na mita 52.5 kwa 52.5 ni mita za mraba 2,756. Mnunuzi amepoteza karibu mita za mraba 1,300, kama theluthi ya ekari. Angalia ilivyokwenda: hatua imepungua kwa chini ya moja ya tano, eneo limepungua kwa karibu theluthi moja, kwa sababu upungufu umeingia kwenye pande zote mbili. Mwuzaji mfupi si lazima awe mwizi, lakini ni nafuu kununua kamba ya mita 50 kuliko kubishana naye miaka kumi baadaye.

Kwa ardhi kubwa tunatumia hekta, mraba wa mita 100 kwa 100, yaani mita za mraba 10,000. Kilomita moja ya mraba ina hekta 100. Na mtu akikwambia anauza "heka", muulize ana maana gani kabla ya kutoa mkono, maana mtaani wengi huita hivyo ekari, na hekta ni ekari mbili na nusu kasoro kidogo.

Zege na mvua

Ujazo una pande tatu, kwa hiyo mita ya ujazo ina sentimita za ujazo milioni moja. Ushauri ni ule ule: badilisha urefu kwanza. Jamvi, yaani sakafu ya zege, la mita 10 kwa 4 lenye unene wa milimita 150 ni 10 × 4 × 0.15, zege mita za ujazo 6. Anayesoma milimita 150 kama mita 1.5 ataagiza mita za ujazo 60. Gari la zege la pili likifika wakati la kwanza bado halijamaliza kumwaga, atajua.

Desimita, ile ambayo haisikiki popote, ndiyo iliyojificha ndani ya maji yetu ya kila siku. Boksi la desimita moja kila upande, yaani sentimita 10 kwa 10 kwa 10, linabeba lita moja kamili. Mita moja ina desimita 10, hivyo mita moja ya ujazo ni 10 × 10 × 10, lita 1,000. Tangi la lita 1,000 lililo juu ya paa la jirani ni mita moja ya ujazo.

Sasa sikiliza utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapozungumzia milimita 50 za mvua ndani ya saa 24, wengi husikia namba tu. Ni kina cha maji: kama mvua yote ingekaa ilipoangukia, isizame wala isitiririke, maji yangefika sentimita 5 kutoka chini. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni 0.001 × 1 × 1, mita za ujazo 0.001, yaani lita moja. Uhusiano huu ni rahisi kiasi kwamba kila mwenye bati anapaswa kuujua: milimita mara mita za mraba, unapata lita.

Paa linalofunika mita za mraba 80 (pima chini, ukubwa wa eneo linalofunikwa, usipime mteremko wa bati) likinyeshewa milimita 50 linapokea lita 4,000. Ni ndoo 200 za lita 20, au matangi manne ya lita 1,000 kwa siku moja, toa kidogo kwa yale yanayoruka nje ya mfereji. Mwenye tangi moja anajua sasa kwa nini lilijaa na kumwagika kabla mvua haijafika nusu.

Ramani, fotokopi na reli

Kipimio cha ramani nacho ni kubadili vizio tu. Ramani ya 1:50,000 ina maana kila sentimita moja ya karatasi ni sentimita 50,000 za ardhi. Pitia kwenye mita: 50,000 gawanya kwa 100 ni mita 500, nusu kilomita. Vijiji viwili vilivyo sentimita 7 kwenye karatasi viko kilomita 3.5 kwa mstari ulionyooka, ambao miguu haitaufuata.

Ramani ya nyumba ya 1:100 ni rahisi zaidi, sentimita moja ni mita moja. Lakini ramani ya A3 ikipunguzwa kwenye fotokopi iwe A4, kila urefu unakuwa takriban asilimia 71 ya ulivyokuwa. Chumba cha mita 3.6 kilichokuwa milimita 36 kwenye karatasi sasa ni milimita 25 na nusu, na anayeweka rula juu yake atasoma mita 2.55. Maandishi "1:100" bado yapo pale chini, yanadanganya bila aibu. Ndiyo maana mafundi wazoefu hawapimi ramani kwa rula. Wanafuata namba zilizoandikwa.

Mfano wa milimita zenye uzito uko kwenye reli zetu. Reli ya zamani ya TRC, Shirika la Reli Tanzania, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, mita moja kamili. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina 1,067. Reli mpya za SGR, Kenya na Tanzania, zina 1,435. Kati ya TRC na TAZARA kuna milimita 67, yaani sentimita 6.7 au mita 0.067, pungufu ya urefu wa ile kadi ya benki. Behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine kwa ajili ya kadi hiyo, na Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mizigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Ukiandika tofauti hiyo kama mita 0.67 umeikuza mara kumi.

Futi, geji na mkato

Futi na inchi haziwezi kuachwa kabisa, kwa kuwa bati na mbao hazijazisahau. Inchi ni milimita 25.4 kamili, futi ni 304.8. "Futi kumi ni mita tatu" ni sawa kwa mazungumzo, lakini bati la futi 10 ni mita 3.048, na sentimita karibu tano hizo ukizihesabu kwenye urefu wa bati kumi zilizounganishwa ni nusu mita.

Geji, namba inayotaja unene wa bati au nailoni, ni kisirani kingine, kwa sababu si urefu hata kidogo mpaka umeigeuza. Kwenye bati, geji ikipanda unene unashuka: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Kwenye nailoni nyeusi ya kuzuia unyevu chini ya jamvi mambo ni kinyume, geji 1000 ni nene kuliko geji 500. Nailoni ya geji 1000 ni mikroni 250, na mikroni 1,000 hufanya milimita moja, kwa hiyo ni milimita 0.25. Muuzaji muulize unene kwa milimita. Akishindwa kujibu, muulize mwingine.

Jambo la mwisho ni alama yenyewe. Dar, Nairobi na Kampala tunaandika nukta kutenga desimali na mkato kutenga maelfu. Waliosoma kwa mtindo wa Kifaransa, Bujumbura au Lubumbashi, hutenga desimali kwa mkato. Ukipokea mchoro kutoka huko wenye ukuta wa 3,25 m, ni mita tatu na robo, hakuna tarakimu iliyodondoka. Ukipokea 3,250 bila kizio chochote, swali ni aliyeandika ana desturi ipi. Kwa wa Dar ni elfu tatu mia mbili hamsini, na akiwa mchoraji ramani ni milimita. Kwa wa Bujumbura inaweza kuwa tatu nukta mbili tano sifuri, mita. Katika hali hiyo moja wote wawili wanazungumzia ukuta ule ule.